Stihl MS 201 T: chensoo safi ya juu ya mti, ila mkono wa kushoto uwe wapi?

Kila fundi wa miti hapa Arusha anayeiona ikining'inia kiunoni mwangu huuliza bei kwanza. Kisha anaiomba, anakamata mshikio wa juu, anaiinua kwa mkono mmoja na kuipandisha na kuishusha kama anayepima jogoo sokoni. "Nyepesi, aisee!" Hapo huwa nimeshajua ataitumiaje akiipata. Ndiyo maana hapa nitakaa zaidi kwenye mkono wa kushoto kuliko kwenye injini.

Injini kwanza, maana wengi ndicho mlichofuata. Mashine yenyewe ni Stihl MS 201 T C-M, chensoo ndogo ya petroli iliyotengenezwa kwa kazi ya juu ya mti. Mshikio mkuu umekaa juu ya injini, siyo nyuma kama kwenye chensoo za kuangushia magogo. Injini ni ya sentimita za ujazo 35.2, nguvu yake kilowati 1.8, na uzito ni kilo 3.7. Lakini msidanganyike na hiyo 3.7: ni uzito wa mashine tupu, bila baa (ule upanga ambao cheni huuzunguka), bila cheni, bila petroli wala oili. Ukishaifunga baa ya inchi 14 na kujaza matangi yote mawili, umepita kilo nne na nusu, na kufika saa nane mchana bega litakuwa limeshakuambia.

Nguvu inatosha na kubaki. Mikalitusi ya Usa River, migrevilea ya mipakani mwa mashamba ya kahawa, mijakaranda ya Themi iliyopandwa zamani na sasa imelalia mapaa ya watu, yote nimeikata nayo na sijaona ikilemewa, mradi cheni imenolewa. Kilichonifurahisha zaidi ni kabureta. Hizo herufi C-M mwishoni mwa jina zinajumuisha mfumo wao wa M-Tronic, ambao hujipimia petroli wenyewe kwa kompyuta ndogo. Kwa watu wa huku si jambo dogo. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi. Mashine ya kabureta ya kawaida iliyotegeshwa Dar ikipanda huku inakunywa petroli kupita kiasi, inatoa moshi na kuzubaa. Iliyotegeshwa huku ikishushwa Tanga inapata petroli kidogo mno, injini inachemka na pistoni inakwaruzika. Hii nimeshuka nayo Tanga kwenye kazi ya miembe mikubwa, nikarudi nayo, bila kugusa bisibisi.

Petroli unachanganya moja kwa hamsini, yaani mililita 20 za oili ya tu-stroke kwa kila lita. Oili nunua mahali unapopaamini. Kuna duka moja nisilolitaja liliniuzia kopo lenye nembo zote na ndani sijui kulikuwa na nini. Tupa ya kunolea cheni yake ni ya duara, milimita 4.0. Inatosha kuhusu injini.

Sasa mshikio.

Mashine hizi zimewekewa mshikio juu ili fundi aweze kuipitisha katikati ya matawi, aifanyie kazi karibu na kifua au kiuno, aifunge kwenye mkanda na kuifungua bila kugongana na kila kitu. Uzito wote umekaa chini ya kiganja chako cha kulia, kwa hiyo inatulia ukiinyanyua kwa mkono huo peke yake. Wengi wanadhani hiyo ni ruhusa ya kukatia kwa mkono mmoja. Siyo. Ni urahisi wa kuibeba na kuielekeza. Wakati wa kukata mambo yanageuka, maana mishikio miwili iliyokaribiana inakupa ubavu mdogo wa kuizuia kuliko chensoo ndefu ya chini. Yaani mashine inayoonekana rahisi kushika ndiyo ngumu zaidi kuidhibiti ikikasirika.

Na inakasirika namna gani? Ncha ya baa ina robo ya juu ambayo ikigusa kitu kigumu, tawi la pembeni ambalo hukuliona au kifundo kilichojificha, meno ya cheni yanashindwa kupita na nguvu yote inaisukuma baa juu na nyuma, kuelekea uso na shingo. Cheni ya mashine ya aina hii, ukibonyeza mafuta mpaka mwisho, inakwenda mita zaidi ya 20 kwa sekunde. Hakuna mtu mwenye wepesi wa kukwepa hilo. Kilichowekwa kukuokoa ni breki ya cheni, na breki hiyo inafanya kazi kwa njia mbili. Ya kwanza: mkono wa kushoto ukiwa kwenye mshikio wa mbele, mashine ikiruka, kifundo cha mkono kinagonga kile kinga cha mbele, kibao kilichosimama mbele ya mshikio huo, na cheni inasimama. Ya pili: mshtuko wenyewe unakirusha kinga mbele hata kama hakijaguswa. Ukikata kwa mkono mmoja, ile njia ya kwanza umeifuta mwenyewe. Imebaki ya pili tu, na hakuna kitu kinachoizuia baa isizunguke isipokuwa kifundo cha mkono mmoja wa kulia uliochoka.

Na ule wa kushoto uko wapi muda huo? Hapa ndipo penye damu. Mara nyingi umeshika tawi lile lile linalokatwa. Fundi anataka kipande kisianguke juu ya bati au waya wa TANESCO, kwa hiyo anakishika kwa kushoto, anakata kwa kulia, baa inamaliza kukata, tawi linakatika mapema kuliko alivyotarajia (mgrevilea una tabia hiyo ya kukatika ghafla), na mashine inaendelea na safari yake kuelekea kule ilikokuwa ikisukumwa. Kule kuna mkono wa kushoto.

Nilikuwapo siku kijana wa timu nyingine alipokatika hivyo, kwenye uwanja wa jirani na tulipokuwa tunafanya kazi. Mashine ilikuwa ya aina nyingine, lakini ingekuwa hii matokeo yangekuwa yale yale. Jeraha lilikuwa juu kidogo ya kifundo cha mkono, kwa ndani. Alichokuwa nacho ni kamba moja ya katani aliyoizungusha kiunoni na kuifunga kwenye tawi, na chini hakukuwa na mtu mwingine wa timu yake mwenye mkanda wala anayejua kupanda. Tukaenda sisi. Kumshusha mtu anayetoka damu, mwenye mkono mmoja, kutoka kwenye mti ambao kamba yake haina kifaa cha kuteremkia, ni kazi ambayo simtakii yeyote. Alipona, vidole viwili havikunji vizuri. Tangu hapo bandeji ya kubana jeraha inakaa kwenye mkanda wangu, siyo kwenye gari, na sipandi kama chini hakuna mtu wa pili anayeweza kunifuata.

Vitabu vya maelekezo vya mashine za aina hii havifichi. Vinasema ni za watu waliofundishwa kazi ya miti peke yao. Kiwango cha kimataifa kinachozihusu, ISO 11681-2, kinaziwekea hadi uzito wa mwisho, kilo 4.3 zikiwa tupu, kwa sababu zinahesabiwa kuwa kundi la pekee. Na kuhusu mkono mmoja, maelekezo yanayochapishwa kwenye vitabu hivyo hayasemi "kamwe", ingawa yanaufungia mlango karibu wote: uwe huwezi kabisa kupata mkao wa kutumia mikono miwili, uwe unahitaji mkono mmoja kujishikilia pale ulipo, na mashine iwe imenyooshwa mbali, kwa pembe ya mraba na mwili wako, nje ya mstari wake. Masharti yote yatimie kwa pamoja. Halafu yanakataza waziwazi mambo matatu: kukata kwa ncha ya baa, kushika kipande huku unakikata, na kujaribu kudaka kipande kinachoanguka. Sasa nenda kasimame chini ya mti wowote unaokatwa mjini hapa siku ya Jumamosi, uhesabu matatu hayo utayaona kwa dakika ngapi.

Sisemi hivyo kuwadharau wenzangu. Najua sababu. Mtu anapanda kwa miguu mitupu, au kwa spaiki (miiba ya chuma ya kufunga miguuni) za kuchomelewa na fundi welding, na kamba moja ambayo mara nyingi haiko hata kwenye mvutano. Mkono wake wa kushoto ndiyo mkanda wake. Akiuachilia mti akamate mashine kwa mikono miwili, anaanguka. Kwa mtu huyo, kumwambia "tumia mikono miwili" ni kelele tu. Tatizo lake halipo kwenye mashine, lipo kiunoni. Ndiyo maana nikiulizwa ninunue mashine gani ya kupandia, huwa namuuliza kwanza anapanda na nini. Kama jibu ni kamba ya katani, pesa ya MS 201 T inunue kwanza mkanda wa kukalia wenye pete za ubavuni, kamba ya kupandia ya milimita 12 au 13, kifaa cha kuteremkia, na kamba fupi ya kuzungushia shina, ile yenye waya ndani. Waya huo usikudanganye, cheni ya petroli inaukata. Faida yake ni kwamba kamba ni ngumu, unairusha nyuma ya shina inarudi upande wa pili, na unapata sehemu ya pili ya kujifunga wakati wote unapokata. Ukishafungwa kwa kamba mbili na kuziegemea kwa uzito wako, mikono yote inakuwa huru. Siku hiyo utashangaa haja ya mkono mmoja ilikuwa inatoka wapi.

Mama mmoja wa Ilboru alinitazama najifunga, akashindwa kuvumilia.

"Baba, kijana aliyekuja mwaka jana alikuwa anapanda tu na mashine mkononi, nusu saa kamaliza. Wewe mbona makamba yote hayo?"

"Mama, shikamoo tena. Yule kijana mwaka huu umemwita?"

"Simu yake haipatikani."

Sikuuliza zaidi. Tuliendelea na mparachichi wake mpaka jioni, na aliniletea chai ya tangawizi mara mbili, kwa hiyo nadhani tulielewana.

Ile haja ya kushika tawi na kulikata kwa wakati mmoja ina dawa yake, na ndiyo mbinu ambayo MS 201 T inaifanya vizuri kuliko mashine nyingi nilizoshika, kwa sababu inatulia na haina papara unapobonyeza mafuta kidogo kidogo. Unakata kutoka upande mmoja wa tawi mpaka kupita kidogo katikati. Kisha unahamia upande wa pili, sentimita mbili au tatu juu au chini ya mkato wa kwanza, unakata tena mpaka mikato ipishane. Mikono miwili kwenye mashine muda wote. Tawi linabaki limesimama, limeshikwa na ule ulimi wa mbao uliobaki katikati. Unaweka breki ya cheni, unazima, unaiacha mashine ining'inie kwenye kamba yake. Sasa ndipo unakamata tawi kwa mikono yote miwili, unalipinda, linalia ta!, linavunjika, na unalitupa pale unapotaka. Nyuzi za mbao mbichi zikilegea ukahitaji kukata zaidi, msumeno wa mkono unamalizia. Njia hiyo inaongeza sekunde chache kwa kila tawi. Kwa vipande vizito kuliko unavyoweza kubeba, hapo hakuna mjadala, ni kamba ya kushushia na mtu wa chini.

Na kwa nini uwashe petroli kwa vitawi? Kwa chochote kisichozidi unene wa kifundo cha mkono, kule mwishoni mwa matawi ambako mwili umenyooka na mkao haujakaa sawa, natumia Silky Zubat, msumeno wa mkono wa Kijapani wenye upanga uliopinda wa milimita 330, unaokata unapovutwa. Una ala yake, unafungwa mguuni. Pale ndipo mafundi wengi hukata kwa mkono mmoja kwa chensoo, na pale pale msumeno wa mkono unashinda kwa kasi na hauhitaji stata. Uangalie tu, nao una meno ya kutisha, na wanaokatika nao hukatika mkono ule ule wa kushoto.

Nirudi kwenye mashine, maana nimeisifu na kuigombeza bila mpango. Nyuma ina pete ya kufungia kamba ya kuning'inizia, na ni jambo ninalolipenda. Unaining'iniza chini ya kiuno, haikupigi usoni unapohama tawi. Mazoea ya kujijengea ni haya: kila mashine inapotoka kwenye mkato, kinga kinasukumwa mbele, breki inaingia, ndipo mkono wa kushoto unaondoka. Kabla ya kuiachia ining'inie ndefu, izimwe. Kuiwasha juu ya mti ni vivyo hivyo, breki imewekwa, mkono mmoja umekamata mashine imara mbali na mwili na kamba zako, mwingine unavuta stata. Usiiangushe huku unavuta, mchezo ule waachieni wa video za mtandaoni.

Mashine ndogo zaidi zipo. Echo CS-2511T ni ya sentimita za ujazo 25 na uzito wa kilo 2.3 tu ikiwa tupu, na nimeishika kwa rafiki yangu nikatamani. Kwa kupunguza matawi ya kawaida ni tamu sana. Lakini kadiri mashine inavyokuwa nyepesi ndivyo kushawishika kwa mkono mmoja kunavyoongezeka, na cheni yake haijui kuwa yenyewe ni ndogo. Upande wa juu kuna Husqvarna T540 XP Mark II, sentimita za ujazo 37.7, kilowati 1.8 kama hii, kilo 3.9. Anayeimiliki hatakuwa na sababu ya kuhamia kwangu wala mimi kwake. Za betri nazo zinakuja, na ukimya wake una faida kubwa, unaongea na mtu wa chini bila kupiga yowe. Ila ile hali ya kubonyeza tu ikaanza inawafanya watu waitoe kiunoni kwa mkono mmoja na kukata kabla hawajajipanga. Petroli angalau inakupa muda wa kufikiri unapovuta stata.

Suruali za kinga nimeulizwa sana. Zinafanya kazi kwa nyuzi ndefu ndani ya kitambaa zinazovutwa na cheni na kuzonga sproketi, gurudumu la meno linaloizungusha cheni, mpaka isimame. Daraja la 1 hupimwa kwa cheni ya mita 20 kwa sekunde, la 2 kwa 24, la 3 kwa 28. Mpandaji achague aina C, inayozunguka mguu wote, kwa sababu juu ya mti cheni inaweza kukufikia kutoka pembe yoyote. Zina joto. Arusha zinavumilika, Tanga zilikuwa adhabu. Lakini oneni jambo moja: zinalinda miguu. Kwenye mikono, glavu nyingi za chensoo zina kinga mgongoni mwa kiganja cha kushoto tu, na zimebuniwa kwa mkono ulioshika mshikio wa mbele, siyo ulioshika tawi.

Nani asinunue MS 201 T? Mwenye shamba anayetaka kukata kuni na kuangusha mikalitusi miwili kwa mwaka. Chini hapo chukua chensoo ya mshikio wa nyuma, ni salama zaidi na bei ni nafuu. Mashine ya mshikio wa juu haina kazi ardhini, hata kama muuzaji atakuambia ni "multi", ya kila kazi. Na asinunue ambaye bado hajajifunga kamba mbili. Kwa anayepanda kila wiki, mwenye mkanda na mtu wa pili wa kupanda chini yake, naipendekeza bila kusita.

Ukiikuta iliyotumika, ikague breki kabla ya kutoa hela. Iwashe, shika kwa mikono yote miwili, bonyeza mafuta mpaka mwisho, kisha bila kuachia mshikio sukuma kinga kwa kifundo cha kushoto. Cheni isimame papo hapo. Halafu izime kabisa, toa breki, ishike kwa mshikio wa juu tu, baa ikiwa juu kidogo ya kisiki au gogo, uache ncha ianguke kwa uzito wake. Kinga kinatakiwa kiruke mbele chenyewe kwa mshtuko. Kisiporuka, mwenye nayo atakuambia ni vumbi tu, ukiisafisha inakaa sawa. Mwambie aisafishe yeye kwanza, mjaribu tena mbele yako.